Ukurasa wa Pili

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa historia, na ukimpa kalamu hakuachi mpaka akurudishe kwenye safina ya Nuhu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Mimi ni mwanamke wa biashara. Barua kwangu ni salamu, shida, mahitaji, kwaheri. Zake zilikuwa vitabu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, nimepanga chumba cha hoteli nyuma ya stesheni kuu ya reli, nanunua nguo na viatu katika soko la Zhanxi na kuvipeleka Dar es Salaam. Yeye alikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, katika mji mdogo wa milimani alikokwenda kufundisha akiwa kijana, akapapenda, akakaa. Hakuwa na mke. Nikimsema, ananijibu kwamba ameshaoa darasa la sita. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu, Kigoma, na nilimbeba mgongoni kabla mimi mwenyewe sijajua kufunga kanga ikashika.

Kisha vita vikaingia kule kwake. Waasi huku, serikali kule, na majeshi ya wageni katikati yao, kila mmoja akidai anakuja kuwakomboa. Simu za mji zikakatika. Ikabaki barua, na barua yenyewe ilikuwa na safari ndefu kuliko ya Hajji. Anaiandika kule mlimani, inashuka na mtu hadi ziwani, inavuka kwa boti siku boti inapothubutu kuvuka, inampata mama Kigoma. Mama, ambaye hakujua kusoma, anaipeleka posta, posta wanaituma kwa faksi, na msichana wa mapokezi wa hoteli yangu ananiletea karatasi ikiwa bado ya moto. Kila ikifika namshukuru Mungu kabla sijaifungua, maana aliyeandika ana mkono unaoandika.

Mara ya kwanza nilimjibu kwa hasira. Niliandika: "Acha ujinga. Vuka urudi kwa mama leo hii. Hao watoto wa watu wana wazazi wao." Akanijibu kwa upole wake ule uliokuwa ukinipandisha presha. Wenye miguu wameshakimbia, akasema, waliobaki ni wazee, wagonjwa na wanafunzi wasio na pa kwenda, na mtaa umemchagua yeye kupanga zamu. Hawakuwa na bunduki, wala hawakuzitaka. Walitaka kujua mapema tu, wapate kujificha. Wakafunga kamba yenye makopo matupu kwenye njia ya kupandia. Wakakubaliana kwamba filimbi moja ni kukaa kimya ndani, tatu ni kukimbilia msituni kila mtu na mzee wake. Akina mama wakaweka ndoo za mchanga milangoni kwa ajili ya moto. Mwalimu wa historia, amiri jeshi wa makopo! Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda sokoni maana soko halimngoji mtu.

Sasa nieleze desturi yetu ya barua, maana asiyeijua hatanielewa. Pale Guangzhou barua haikuwa ya mtu mmoja. Tulikuwa wachache, na habari ya nyumbani ilikuwa chakula cha wote. Tulikutana mchana katika mgahawa wa Waislamu wa Kichina karibu na Liuhua, wenye tambi za kuvutwa kwa mkono, na aliyepata barua alikuja nayo ikasomwa kwa sauti. Msomaji wetu alikuwa bwana mmoja wa Unguja, mnunuzi wa vitambaa, sote tukimwita Shehe kwa sababu ya kofia yake. Alikuwa na sauti nzuri, na mimi miwani yangu ilikuwa daima imebaki hotelini.

Na kuna jambo jingine. Barua zetu sote zinaanza namna moja: sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Hata nyumba iwe imeungua, utaandika hivyo. Msiba hauandikwi, wala hausemwi kwa simu kwa mtu aliye peke yake ugenini. Wanakuja watu watatu mlangoni kwako, mmoja wao mwanamke wa kukushika. Mimi mwenyewe nilishakuwa mwanamke huyo mara moja, kwa kijana wa Moshi aliyefiwa na baba. Alipotuona tumesimama watatu hatukuhitaji kusema neno.

Basi ikaja faksi ya mahitaji. Ilikuwa kurasa mbili. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoka kufunga mizigo, mikono inanuka gundi, njaa imenishika. Shehe akavaa miwani yake, akasoma salamu, akasoma kwamba milimani kuna mvua na baridi, watu wa zamu wanakesha wamejifunika magunia, mzee mmoja ameshaugua kifua. Akasoma mahitaji: makoti mazito thelathini, viatu vya kamba jozi thelathini, tochi na filimbi. Akachukua karatasi ya pili.

"Ukurasa wa pili," akasema. "'Dada, jana niliwafundisha wanafunzi habari za makoloni ya Amerika yalivyomwasi mfalme wa Uingereza...'"

"Ruka!" nikamwambia.

"Sikiza kidogo, dada yangu, mbona patamu hapa? 'Wakulima wale waliandikiana barua kijiji kwa kijiji, wakapanga zamu...'"

"Shehe, ruka, nakuomba! Huyo namjua tangu anaota meno. Mtu anaomba koti, ananipeleka Amerika! Nenda mwisho kuna nini?"

Meza nzima ikacheka. Shehe akacheka pia, akashuka kwa kidole hadi chini. "Mwisho anasema akupenda, na mwambie mama asiuze mbuzi."

"Basi imekwisha hiyo," nikasema, nikavuta bakuli langu la tambi.

Kesho yake nikaenda Zhanxi. Neno la kwanza la Kichina tulilojifunza sote pale lilikuwa meiyou, yaani hakuna. Unauliza namba ya kiatu, meiyou. Unauliza rangi, meiyou, wala muuzaji hainui kichwa kukutazama. Lakini mimi nilikuwa na laoban wangu, mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye chupa ya chai ya moto isiyomtoka mkononi, na yule alinipenda kwa sababu tulikuwa tunagombana vizuri. Ilikuwa majira ya baridi na makoti yalikuwa yamejaa hadi nje. Akanitandikia juu ya meza ya bluu, ya kahawia, ya kijivu, na yale mazito ya kijani yenye vifungo vya shaba na ukosi wa manyoya, ambayo kila mlinzi wa geti Guangzhou alikuwa analo. Yote ya pamba, yote mazuri. Ukichanganya rangi, akaniandikia kwenye kikokotoo, bei hii. Ukichukua robota zima la kijani kama lilivyotoka kiwandani, bei hii hapa.

Mfanyabiashara hafundishwi hapo. Robota zima, rangi moja, bei inashuka. Hiyo ndiyo sala yetu. Nikachukua kijani. Nikachukua na viatu vya turubai vya kijani, vile vya soli nyeusi, imara kuliko vyote sokoni. Niliona nimefanya la maana, na kwa kilichobaki nikaongeza tochi kumi zaidi ya alizoomba. Nilitoka pale najisikia dada kwelikweli.

Shehe alikuja kunisaidia kushona robota. Akashika koti moja, akalitazama. "Mbona yote kijani kama jeshi?"

"Wanalinda, hawaendi harusini," nikamjibu. Akanyamaza. Mimi nikinena kwa sauti ile watu hunyamaza, na hilo nalo nimelijutia.

Mzigo ukaenda kwa ndege hadi Dar. Wakala wangu akaupandisha treni ya Kigoma.

Jumapili moja, siku kumi hivi baada ya hapo, nilirudi kutoka kanisani, nikafua, nikakaa kitandani kupanga safari ya mji wa Shiling kwenda kutazama mikoba. Nilitaka karatasi ya kuandikia hesabu ya mabasi. Nikaokota iliyokuwa juu ya meza, chini ya chupa ya maji ya moto, upande mweupe juu. Ilikuwa ile faksi. Karatasi za faksi za siku zile zilikuwa hazipendi joto, na pale chupa ilipokaa palishakuwa peusi duara. Nikaigeuza ili nione kama ni ya kutupa. Miwani ilikuwa usoni.

Naijua kwa moyo mpaka leo. Aliandika:

"Wakulima wale hawakuwa na sare. Kila mmoja alitoka na nguo zake za shamba. Askari wa mfalme ndio waliovaa makoti mekundu, wakaonekana toka mbali kama nyanya juu ya ugali. Wanafunzi wangu walicheka sana. Lakini dada, najua hupendi masomo yangu, hapa naomba usome. Huku kwetu majeshi ni matatu, na yote yanavaa kijani. Mtu akionekana na koti la kijani, hawa watasema ni wa wale, na wale watasema ni wa hawa, na hakuna atakayeuliza mara mbili. Kwa hiyo makoti yawe ya rangi mchanganyiko, kama watu wanaokwenda sokoni. Kijani usilete hata moja. Hata kiatu."

Mama wee! Nilisoma mara ya pili nikitumaini nimekosea. Nilitoka na ndala, bila koti, nikakimbia hadi kibanda cha simu kilichokuwa ng'ambo ya barabara, nikamsukuma mtu aliyekuwa kwenye foleni, na sikumwomba radhi.

Wakala wa Dar nilimpata nyumbani kwake. "Mama, mzigo wako umepanda treni tangu wiki iliyopita. Si ulisema haraka?"

Kigoma nikapiga duka la jirani lenye simu, nikaomba wakamwite mama. Nikashikilia mkono wa simu, nikasikia kuku wa Kigoma na redio ya Kigoma, nikasikia watu wakisalimiana taratibu kabisa. Nikaomba kwa sauti, Mungu wangu, mzigo uwe umechelewa. Treni ile inachelewa kila siku, nayo leo ichelewe kwa ajili yangu.

Mama akaja anahema. "Mwanangu, hujambo? Umeamkaje huko?"

"Mama, mzigo wa mdogo wangu uko wapi?"

"Ah, usiwe na wasiwasi!" Alikuwa na furaha. "Umevuka jana. Nimeusimamia mwenyewe, nikamwambia nahodha auweke pasipoingia maji. Makoti mazuri, mwanangu. Mungu akubariki, umemstiri mwenzio."

Niliegemea kioo. Nikamwambia atafute boti nyingine, ampeleke mtu yeyote kule, aseme neno moja tu: wasivae. Mama akauliza kwa nini, nikamwambia rangi ni mbaya. Akasema kwa sauti nyingine, "Boti ya jana ndiyo ilikuwa ya mwisho. Leo wamefunga ziwa."

Kuanzia siku hiyo sikuwa mtu. Nilipiga Kigoma kila asubuhi mpaka mwenye kibanda akawa ananiwekea kiti. Nilituma faksi posta ya Kigoma, herufi kubwa, MSIVAE, wakaipokea, ikakaa kwenye meza ya posta kwa sababu hapakuwa na wa kuivusha. Mama alishinda gatini akiwabembeleza mabaharia. Mmoja alikubali, akageuzwa na risasi kabla hajafika katikati. Sokoni nilikuwa naona yale makoti kila mahali: mlinzi wa benki, msukuma mkokoteni, mzee wa kufagia. Nilikuwa nawachukia watu ambao hawakunikosea kitu. Siku moja nilimvuta mlinzi wa hoteli ukosi nikamfokea kwa Kiswahili alivue, akanitazama kwa huruma, akanifungulia mlango.

Shehe alikuja kuniona. Nilimwekea karatasi mbele yake, akaisoma yote, kimya, midomo inacheza. Alipomaliza alivua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona bila kofia.

"Karatasi ilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Mie ndiye niliyeishika."

"Na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo."

"Huenda hawakuyavaa. Mwalimu ana akili."

"Ana akili, na ana baridi," nikasema, nikaanza kulia, na hakuwa mtu wa kunishika, akabaki amekaa na kofia yake magotini. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi sikuwa na mtoto, na mjukuu alishakuja.

Nikaanza kuogopa mlango. Nikisikia nyayo kwenye korido nahesabu: mmoja, nashukuru. Wawili, naziba mdomo kwa mkono. Mfanyabiashara mmoja mama wa Mwanza, aliyekaa chumba cha juu, alikuja siku moja kuniletea uji, nikamkatalia kufungua mpaka aape kwamba yuko peke yake.

Walikuja Jumanne, mchana, jua limetoka. Niliona kwanza jozi tatu za viatu chini ya mlango: vya Shehe, vya mama wa Mwanza, na vya mzee mmoja Mkongo, fundi cherehani, ambaye ndugu zake walikuwa wamevuka kwa siri usiku, kwa mtumbwi, hadi Kigoma na ndio waliopiga simu. Sikufungua. Nikasema kwa ndani, "Mko wangapi?" Shehe akagonga tena, polepole. Nikasema, "Shehe, rudi na wenzako, njoo peke yako kesho, tafadhali." Nikamsikia mama wa Mwanza akilia. Basi nikafungua, ningefanya nini?

Mzee Mkongo alinieleza polepole. Asubuhi na ukungu, kikosi kimoja kilipanda njia ya makopo. Makopo yakalia. Filimbi ikapigwa mara tatu, na mtaa mzima ukakimbilia msituni, wazee wote, watoto wote, hakuachwa mtu. Waliokuwa juu ya mwamba wakipiga filimbi ndio walioonekana. Kikosi kiliona makoti ya kijani ndani ya ukungu, kikapiga. Mwalimu na wenzake wanne.

"Aliokoa mtaa," mzee akasema.

Nilimwambia ndiyo. Mama wa Mwanza alikuwa amenishika kiunoni kwa mikono miwili, kama desturi.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini ziwa lilifunguliwa, na mwezi mmoja baadaye mfanyabiashara wa Kigoma akaniletea barua yenyewe, si faksi, bahasha yenye mwandiko wake. Ilikuwa imeandikwa siku mzigo ulipofika, ikakwama ng'ambo. Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikavaa miwani, nikaisoma mwenyewe, peke yangu, kila neno, kurasa zote.

"Dada yangu mpenzi. Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Baada ya salamu, mzigo umefika salama. Wazee wamelia walipogusa manyoya ya ukosi. Nilikuomba usilete kijani, na kimekuja kijani, kwa hiyo nimejua jinsi ulivyohangaika. Nakuona unavyozunguka soko zima kwa ajili yetu ukikosa rangi nyingine. Pole sana kwa taabu. Tumejaribu kuyachovya kwenye maji ya majivu, rangi haikutoka. Tumeyageuza ndani nje, ndani ni meupe, yanaonekana zaidi. Mvua haijakatika na yule mzee anakohoa damu. Tumeshauriana, tumekubali tuyavae hivyo hivyo. La kwanza nimevaa mimi, wasije wakaogopa. Usijilaumu, dada. Mtu huleta alichokipata."

Zhanxi nilirudi mara moja tu, kufunga hesabu zangu. Laoban aliniona nimekonda, akanimiminia chai yake kwenye kifuniko cha chupa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mnunuzi. Nyuma yake makoti yalikuwa bado yamepangwa. Ya bluu, ya kahawia, ya kijivu. Siku ile nilipokwenda kununua, hakuniambia meiyou hata mara moja.